Eksirei ya mtoto: msigombane mlangoni

Haya wapendwa, mwezi huu tuwaache mawifi wapumzike. Nataka tuongelee ugomvi ambao wazazi wapya hawautegemei kabisa: daktari kaandika mtoto apigwe picha ya nyonga, mama kakubali, baba anasema mwanangu hapigwi mionzi.

Kwetu ilikuwa hivyo hivyo. Binti yetu alizaliwa kwa kutanguliza matako, na alipofika miezi mitano daktari aliona mguu wa kushoto haufunguki kama wa kulia. Alihofia kichwa cha mfupa wa paja hakijakaa vizuri kwenye kikombe chake cha nyonga. Likigundulika mapema, mara nyingi mikanda maalumu ya kumweka miguu wazi inatosha. Likiachwa mpaka mtoto anatembea, ndipo mnaanza kuongelea upasuaji na kuchechemea.

Mume wangu si mkorofi. Alikuwa anaogopa, na mwanaume akiogopa sauti hupanda. Akauliza, "Na kizazi chake je?" Swali la maana kabisa, jamani, na lina majibu.

Kwanza umri. Kabla ya miezi minne hivi, altrasaundi ndiyo bora, maana sehemu kubwa ya nyonga bado ni gegedu, na gegedu haionekani kwenye eksirei. Tena altrasaundi haina mionzi. Kati ya miezi minne na sita mfupa unaanza kujionyesha, hapo eksirei inashika zamu. Kwa hiyo kama wako ana wiki sita na ameandikiwa eksirei, uliza kwa heshima kama altrasaundi inawezekana.

Halafu kiasi chenyewe. Sote tunapata mionzi kutoka ardhini, angani na hata kwenye chakula, wastani wa dunia ni milisiveti 2.4 kwa mwaka. Picha moja ya nyonga za mtoto, mashine ikipangwa kwa saizi yake, ni sawa na mionzi hiyo ya siku chache tu. Si sifuri, ndiyo maana haipigwi kwa kujifurahisha.

Baba watu akadai kipande cha risasi cha kumfunika mtoto chini. Zamani ndiyo ilikuwa desturi. Lakini mwaka 2019 chama cha wanafizikia wa tiba cha Marekani, AAPM, kilishauri desturi hiyo iachwe. Kipande kikisogea kidogo kinafunika nyonga yenyewe, na picha inarudiwa. Mashine nyingine zinazojipima zenyewe zikikutana na risasi huongeza mionzi. Na kwa mtoto wa kike, ovari ziko ndani, nani ajuaye zimekaa wapi hasa? Mtaalamu wa mionzi alipotueleza hayo taratibu, mwenzangu alishuka.

Kinachopunguza mionzi kweli ni kutorudia picha. Mnyonyeshe kwanza ashibe, avuliwe nepi, na mmoja wenu amshike miguu kama mtakavyoelekezwa. Anayeshika ndiye avae aproni ya risasi. Mama, kama unahisi una mimba nyingine, sema kabla hujaingia, ashike baba! Mwulize mpigaji kama ameibana miale iishie kwenye nyonga tu. Picha itunzeni, msije mkahamia hospitali nyingine mkaambiwa mpige upya. Na kwa Tanzania, mashine hizi zinasimamiwa na Tume ya Nguvu za Atomiki, kwa hiyo kuuliza kama mashine ina kibali si utovu wa adabu.

Jambo moja kwa mabibi wanaopenda kumfunga mchanga miguu ikiwa imenyooshwa kama mshumaa: hilo linaisumbua nyonga. Mbeleko mgongoni, miguu imetanuka, ndiyo mkao wake.

Mwezi ujao nasoma barua zenu za mama mkwe aliyekuja kwa wiki moja akakaa miezi mitatu.