Anga yetu isichorwe na wageni peke yao

Wachoraji wa ndege za kivita wa Uingereza na Marekani wana desturi moja. Wakichora kikosi cha ndege za jeshi la majini, humpandisha mtazamaji angani: ndege mbele, mawingu nyuma, manowari iliyoibeba ikionekana kwa mbali baharini. Nchi kavu, ikiwemo, ni ukanda wa kijani usio na watu. Ustadi wao hauna ubishi, lakini picha iliyochorwa kutoka kwenye kiti cha rubani hueleza habari za rubani. Katika Afrika Mashariki, habari za ndege hizo ni za watu waliokuwa chini pia, na kazi ya kuwachora hao ni ya wachoraji wetu.

Atakayedhani mambo haya ni ya mbali aanzie Tanga. Japani ilipoingia Bahari ya Hindi mwaka 1942, manowari za Uingereza zilihamia Kilindini, na jeshi lao la majini likafungua vituo vya ndege katika ukanda huu: HMS Kipanga huko Kilindini, HMS Korongo Nairobi na HMS Kilele Tanga. Mei mwaka huo, ili Japani isiiwahi Madagaska, ndege za manowari Illustrious na Indomitable zilishambulia Diego Suarez kisiwani humo. Septemba majeshi ya Uingereza yakashuka Majunga, kisiwani humohumo, Illustrious ikiwa baharini kuyalinda, na miongoni mwao walikuwamo askari wa batalioni ya Tanganyika ya King's African Rifles (KAR), yaani 1/6. Baada ya uhuru, 6 KAR ndiyo iliyogeuzwa kuwa batalioni ya kwanza ya Tanganyika Rifles. Januari 20, 1964 batalioni hiyo iliasi katika kambi ya Colito, Lugalo ya leo, ikidai mishahara mizuri na maofisa Waafrika. Alfajiri ya Januari 25, kwa ombi la serikali ya Mwalimu Nyerere, helikopta kutoka manowari HMS Centaur ziliwashusha makomando kambini, huku ndege za Sea Vixen za kikosi cha 892 zikiwalinda. Jeshi lililopigana chini ya ulinzi wa ndege za manowari mwaka 1942 sasa lilikuwa linawindwa nazo.

Mchoraji wa Kiingereza hatasahau kwamba kioo cha rubani wa Sea Vixen kimesogezwa kushoto, na kwamba mwenzake wa rada alikaa ndani ya tumbo la ndege upande wa kulia, akiwa na kidirisha tu. Umakini huohuo tuuelekeze chini: lango la Colito, sare za askari walioamshwa na mizinga ya manowari, nyumba ya walinzi iliyopigwa kombora. Bila hayo, ndege inabaki chombo kizuri kisicho na kazi wala lawama.

Wapo watakaosema tunatukuza vita, tena tunafukua aibu. Kweli, Mwalimu mwenyewe hakuficha kwamba kuwaita waliokuwa watawala wetu kulikuwa fedheha. Lakini fedheha hiyo ndiyo iliyotufanya tuunde upya jeshi letu, na JWTZ ikazaliwa Septemba 1964. Kuificha ni kuficha chanzo cha jeshi lenyewe. Wengine watasema mchoraji anakula kwa tembo na twiga wanaonunuliwa na watalii. Hoja hii ni nzito zaidi. Hata hivyo, wafuasi wa mchoraji Edward Saidi Tingatinga, kwa rangi zilezile za kung'aa, wamechora hospitali, mabasi na masoko, kwa hiyo mtindo hauwazuii. Kinachokosekana ni mnunuzi. Mnunuzi huyo hawezi kuwa mtalii. Anapaswa kuwa Makumbusho ya Taifa, jeshi, au halmashauri za mkoa wa Tanga.

Gharama si ya kutisha. Picha chache zilizofanyiwa utafiti, nakala zake zikabandikwa madarasani, zingemwonyesha mwanafunzi wa Kwamkoro, huko kwenye mashamba ya chai ya Usambara Mashariki, kwamba vita anavyovisoma kama vya Ulaya vilikuwa na kituo cha ndege katika mkoa wake. Wageni wakiendelea kuchora rubani wao, hawatukosei. Ni haki yao. Tutajikosea wenyewe tukiwaachia wao wachore na askari wetu.