Mali Mbovu, Sare ya Serikali na Haki ya Mnunuzi

Katika maduka mengi ya Afrika ya Mashariki huandikwa ukutani, au chini ya stakabadhi, maneno machache: mali ikishauzwa hairudishwi. Mnunuzi huyasoma, huinamisha kichwa, naye hudhani kwamba amesoma sheria ya nchi. Leo twapenda kuyachambua maneno hayo, kwa kuwa yanamgusa kila mtu aishiye kwa mshahara, na yanamgusa mvaa sare kwa namna ya pekee.

Tuchukue mfano. Kaporali atumikiaye Gitega amepewa likizo kwenda kwao Muyinga. Siku ya kurudi kituoni ananunua katika duka moja la mjini betri ya umeme wa jua, kwa fedha alizoweka akiba miezi minne. Muuzaji amwambia kuwa ni mpya. Kaporali aifunga kwa kamba, apanda gari kwa njia ya Karuzi, na kufika nayo Gitega salama. Baada ya juma moja betri haihifadhi tena umeme. Taa zazimika watoto wakiwa bado na daftari mikononi. Afanye nini?

Mbele yake ziko njia tatu. Ya kwanza ni kunyamaza na kuhesabu hasara. Ya pili ni kurudi dukani na sare yake, pengine pamoja na wenzake wawili, na kumtisha mwenye duka mpaka atoe fedha. Ya tatu ni njia ya sheria. Yasikitisha kwamba njia mbili za kwanza zajulikana na wengi, na ya tatu na wachache.

Sheria yasema nini? Msingi wa sheria ya mikataba nchini Burundi ni amri ya tarehe 30 Julai 1888, iliyotungwa kwa ajili ya Kongo na kuletwa kwetu wakati wa utawala wa Kibelgiji. Sheria hiyo yamtaka muuzaji adhamini kwamba kitu alichouza hakina kasoro iliyofichika, yaani kasoro ambayo mnunuzi asingeweza kuiona kwa macho yake, na ambayo yakifanya kitu kisifae kwa kazi yake. Ikiwa kasoro hiyo ilikuwamo siku ya kuuziana, mnunuzi ana hiari mbili: kurudisha kitu na kurudishiwa bei yake, au kubaki nacho na kurudishiwa sehemu ya bei. Muuzaji aliyejua kasoro na akanyamaza hulipa zaidi, kwani hudaiwa pia fidia ya hasara aliyoisababisha.

Je, maneno yale ya ukutani yana nguvu gani? Sheria yamruhusu muuzaji asiyeijua kasoro kupatana na mnunuzi kwamba hatatoa dhamana. Lakini muuzaji aliyeijua hawezi kujificha nyuma ya maandishi hayo. Ukuta hauwezi kuhalalisha udanganyifu.

Hata hivyo haki ina mipaka yake, na ni wajibu wetu kuisema. Kasoro iliyokuwa wazi, kama vile kioo kilichopasuka mbele ya macho yako, hairudishi fedha. Aliyebadili nia baada ya kununua hana dai. Aliyeitumia betri kinyume cha maagizo na kuiunguza mwenyewe hana dai. Tena dai la kasoro iliyofichika halingojei: anayekawia hupoteza haki yake.

Tumsikilize na mwenye duka. Mji wa Muyinga u karibu na mpaka wa Kobero, na bidhaa nyingi zifikazo huko zapitia Tanzania. Muuzaji wa rejareja amenunua kwa muuzaji wa jumla, naye wa jumla amenunua ng'ambo ya mpaka, aghalabu bila karatasi yoyote. Mali ikionekana mbovu, kila mmoja humsukumia mwenziwe mzigo, mpaka unamwangukia yule wa mwisho, yaani mnunuzi. Juu ya hayo, fedha za kigeni zimekuwa adimu katika miaka ya karibuni, na mwezi Mei 2023 Benki Kuu iliishusha sana thamani ya faranga. Kwa hiyo muuzaji aogopa kurudisha bei, kwa kuwa hajui kama ataweza kununua betri nyingine. Lakini mnunuzi naye ana hoja iyo hiyo: faranga zinazorudishwa baada ya miezi sita hazinunui tena kile zilichonunua zamani. Ndiyo sababu twasema kwamba ucheleweshaji wenyewe ni hasara, na mapatano ya haraka, hata ya kubadilishiwa kitu kwa kitu, yafaa kuliko ugomvi mrefu.

Sasa tuje kwenye sare. Askari arudipo dukani kama mnunuzi, hurudi kama raia mwenye dai, wala si kama dola. Bei ya betri ni haki yake. Hofu ya mwenye duka si mali yake. Akizichukua fedha zake kwa vitisho, hata kama dai lake lilikuwa la kweli, amejigeuza kutoka mdai kuwa mkosaji. Tena amewadhuru wenzake, maana kesho mwenye duka atawauzia askari wote kwa bei ya juu, au atawaficha bidhaa nzuri. Lakini tusimsifu anayenyamaza. Ukimya wake ndio unaomfundisha mdanganyifu kwamba udanganyifu hulipa, na atakayeumia baadaye ni mjane au mkulima asiye na wa kumsemea.

Kwa ndugu zetu wa polisi lipo jambo jingine. Mara nyingi mnunuzi na muuzaji hufika kituoni wakipigiana kelele. Polisi hana budi kutofautisha. Kitu kilichoharibika bila hila ya mtu ni shauri la madai. Lapelekwa kwenye usuluhishi au mahakamani, wala si mahabusu. Mkataba wa kimataifa juu ya haki za kiraia na kisiasa, ambao Burundi ilijiunga nao 1990, wakataza kumfunga mtu kwa sababu tu ameshindwa kutimiza mapatano ya kibiashara. Lakini auzaye mali bandia akijua, au kitu kikuukuu kwa jina la kipya, aweza kuwa na kosa la jinai, na hapo uchunguzi ni kazi halali ya polisi.

Kaporali wetu na afanye basi hivi. Kwanza, siku ya kununua aidai fakitire yenye jina la duka, tarehe, bei na aina ya kitu, na akijaribu kitu mbele ya muuzaji. Pili, aonapo kasoro aache kukitumia, wala asimpe fundi wa mtaani akifungue. Tatu, arudi upesi, bila silaha na ikiwezekana bila sare, akiwa na shahidi. Nne, akikataliwa aandike barua fupi na kubaki na nakala. Tano, awaendee wasuluhishi, kisha mahakama iliyo karibu. Yaweza kumfaa pia kukiarifu chama cha watumiaji bidhaa, ABUCO, na kwa mambo ya ubora, ofisi ya viwango ya taifa, BBN.

Haki hizi si anasa ya mataifa tajiri. Umoja wa Mataifa ulipitisha mwongozo wa kumlinda mtumiaji mwezi Aprili 1985, na jirani zetu wa Kenya wameiweka haki ya bidhaa zenye ubora katika kifungu cha 46 cha katiba yao ya 2010. Kwetu mlango ulifunguliwa zamani kwa sheria. Kinachokosekana ni watu wa kuupitia kwa adabu, karatasi yao mkononi.

Askari aliyefundishwa kuilinda sheria kwa bunduki na ajifunze pia kuitumia kwa fakitire. Siku hiyo mwenye duka wa Muyinga hatamwogopa, wala hatathubutu kumdanganya.