TUMSIKILIZE ALIYENUSURIKA

Katika nyumba za wakulima wa pamba wilayani Bunda, dawa ya wadudu iliyobaki baada ya msimu huwekwa ndani, pengine chini ya kitanda. Mtu aliyekata tamaa usiku hana haja ya kwenda mbali. Sri Lanka ilipiga marufuku mwaka 1995 dawa zilizo kali zaidi, na vifo vya watu kujiua vikapungua kwa zaidi ya nusu. Ghala la ushirika lenye kufuli laweza kuokoa roho za watu hapa kwetu pia.

Lakini nani atamsikiliza aliyenusurika? Wauguzi wa afya ya akili tunao, ingawa ni wachache. Mirembe, Dodoma, imewafundisha kwa miaka mingi. Muuguzi wa namna hiyo huuliza waziwazi, "Ndugu yangu, umefikiria kujiua?" Swali hilo halimtii mtu wazo kichwani, kama wengi wetu tudhanivyo; humpa nafasi ya kupumua. Hata mwalimu wa Butiama aweza kufundishwa kuliuliza.

Kikwazo ni sheria. Kifungu cha 217 cha Kanuni ya Adhabu, urithi wa mkoloni, humhesabu aliyejaribu kujiua kuwa mkosaji. (Waingereza wenyewe waliifuta sheria yao mwaka 1961.) Mama wa Musoma amfikishaye mwanawe hospitali atathubutuje kusema kweli? Atasema kijana alikunywa kwa bahati mbaya, muuguzi ataandika hivyo hivyo, na kijana atarudishwa kwenye nyumba yenye chupa ile ile.