Tuvihesabu Vinavyoelea

Msomaji aliyeko Njoro au Gilgil ana haki ya kuuliza kwa nini toleo hili limempa konyeza nafasi ya kwanza. Bahari iko mbali. Wengi wetu hukutana naye Desemba tu, tunapoteremka Mombasa na watoto, mmoja akatoka majini akilia, mistari myekundu imemvimba mguuni. Hapo kila mtu huwa daktari: huyu anataka mchanga wa kusugulia, yule anashauri mkojo.

Yote mawili yanaweza kuzidisha madhara. Minyiri ya konyeza imejaa vifuko visivyoonekana kwa macho, na ndani ya kila kifuko umekunjwa uzi wenye ncha. Kikiguswa, uzi hufyatuka kwa muda usiofika hata sehemu moja ya milioni ya sekunde, ukatoboa ngozi na kuingiza sumu. Vifuko vingi hubaki mwilini havijafyatuka. Ukisugua, unavifyatua mwenyewe. Angel Yanagihara, mtafiti wa Chuo Kikuu cha Hawaii, aliumwa vibaya na konyeza-sanduku mwaka 1997 akaifanya sumu hiyo kazi yake ya maisha. Kwa jamii hiyo, ushauri wake ni siki kwanza, kisha joto la nyuzi 45 kwa dakika kama 45. Na anayepumua kwa shida akimbizwe hospitali.

Konyeza hata hivyo si wa bahari peke yake. Mwaka 1883 Mjerumani Richard Böhm alimwona katika Ziwa Tanganyika: mnyama wa sentimita mbili hivi, anayeng'aa kama kioo, asiyemdhuru mtu. Wataalamu wa Ulaya walistaajabu. Mmoja wao, J.E.S. Moore, alisafiri hadi ziwani mara mbili, 1896 na 1899, akashikilia kwamba Tanganyika ni mabaki ya bahari ya kale. Baadaye ikajulikana kwamba Ziwa Viktoria nalo lina konyeza, na dai lake likadhoofika, kwa kuwa konyeza hakuwa tena wa Tanganyika pekee.

Leo swali kubwa ni jingine: je, konyeza wanaongezeka duniani? Wapo wanaosema ndiyo, kwa kuwa tumevua samaki wanaowala na wanaoshindana nao kwa chakula, na mbolea ya mashambani imerutubisha maji. Wengine wanasema idadi yao hupanda na kushuka kwa zamu. Ubishi huu haumaliziki kwa sababu sehemu nyingi hakuna aliyewahesabu zamani. Wavuvi waliwatupa, na watafiti wengi waliwaona kero inayoziba nyavu.

Hapo ndipo habari hii inapoingia Nakuru. Sisi tumehesabu heroe, kwa sababu heroe huleta watalii. Lakini heroe mdogo hula mwani wa spirulina, takriban gramu 70 kwa siku ukipimwa mkavu, na mwani huo ndio unaoamua kama atakaa au atahama. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 mtafiti Ekkehard Vareschi aliupima mwani wa Ziwa Nakuru mfululizo. Ulipoporomoka mwaka 1974, aliweza kueleza kilichobadilika kwa kuwa takwimu za kabla yake alikuwa nazo mkononi. Ndege walipokufa kwa wingi katika miaka ya 1990, wengi walibaki kubahatisha. Ilibidi kungoja hadi miaka ya 2000 ndipo watafiti Lothar Krienitz, Kiplagat Kotut na wenzao walipokuta sumu za bakteria wa kijani-buluu matumboni mwa heroe wa Bogoria.

Kisha Ziwa Nakuru likajaa. Lango kuu la hifadhi likamezwa, watu wa Mwariki na Barut wakahama nyumba zao, magadi yakazimuliwa na heroe wakatawanyika. Tulipiga picha nyingi za paa zilizozama. Ni wangapi waliochota chupa ya maji yale kila wiki?

Chuo Kikuu cha Egerton, hapo Njoro, hufundisha wataalamu wa maji ya maziwa, kwa hiyo hatuna haja ya kungoja mgeni. Nataka kaunti itenge fedha katika bajeti yake, mwaka baada ya mwaka, ili maji ya Nakuru, Elementaita na Naivasha yachotwe kila wiki, mwani na vijidudu vihesabiwe, sumu ipimwe, na matokeo yabandikwe mahali ambapo mkazi wa Mwariki anaweza kuyasoma, hata katika wiki ambazo hakuna ndege aliyekufa.