MBWA MKALI SI MBWA MZURI

Naomba nafasi kidogo niseme jambo linalonikera.

Hapa kwetu Rongo tunaamini kwamba mbwa mzuri ni yule mkali. Afungwe mnyororo kutwa kucha, alishwe makoko ya ugali, na wengine ati humtilia pilipili ili ukali uzidi. Mimi ni shahidi, kwani ni mimi niliyekuwa nikimtilia Simba wetu hiyo pilipili.

Hebu niwaeleze habari za bladihaundi, yule mbwa wa kufuata nyayo kwa pua. Si mbali na sisi. Kule Mara Triangle, upande wa Trans Mara, askari wa wanyamapori walianza kutumia mbwa hawa kuwasaka majangili mwaka wa 2009. Pua yake hukadiriwa kuwa na chembe za kunusia zipatazo milioni 300; zetu ni milioni 5 au 6 hivi. Hufuata harufu ya mtu mmoja hata siku nzima ikiwa imepita. Na akimfikia mwizi je? Mara nyingi hutikisa mkia tu! Kazi ya kukamata ni ya askari.

Tena anatunzwa kweli kweli. Masikio yake marefu husafishwa yasioze, mikunjo ya uso hupanguswa, na chakula hugawanywa kwa sababu tumbo likijaa ghafla laweza kufura na kujipinda, akafa. Jua likichoma hupumzishwa.

Simba wetu je? Wezi walichukua kuku mara mbili naye yupo, akibweka. Kisha Agosti alikata mnyororo akamuuma mtoto wa jirani, wa darasa la nne, aliyekuwa akienda kuteka maji. Baba aliuza mbuzi kulipia sindano za kichaa cha mbwa. Vijana walimwua Simba kwa mawe kando ya shamba la miwa. Nilisimama pale, sikusema kitu.

Najua mtasema bladihaundi ni wa wenye pesa. Kweli. Lakini kuacha pilipili kunahitaji shilingi ngapi?

Sasa tuna mtoto wa mbwa. Nimemwomba baba achanjwe akifika miezi mitatu, na mchana afunguliwe uani, nami nitamtembeza jioni. Chanjo amekubali. Mnyororo, bado tunavutana.