GARI LIKICHEMKA, LIPIMWE GARI KABLA YA KUHUKUMIWA DEREVA

Ndugu Wanachama,

Katika mitaa yetu ya Eastlands, tangu Makongeni na Kaloleni hata Umoja na Kayole, kuna desturi moja mbaya ambayo imezoeleka mpaka watu wanaiona kuwa ni sheria. Lori la zamani likichemka njiani, au basi likisimama katika Jogoo Road huku mvuke unapanda kama wa sufuria ya githeri, mwenye gari huuliza swali moja tu: "Dereva alikuwa nani?" Haulizi gari lina miaka mingapi. Haulizi rejeta ilioshwa lini, wala maji yaliyotiwa ndani yalitoka wapi. Mwisho wa mwezi dereva hupokea mshahara uliokatwa, na akifungua kinywa huambiwa kwamba geji ilikuwa mbele ya macho yake.

Sisi wa reli twasema kwamba hukumu ya namna hii si haki, tena ni ya kijinga. Si haki kwa sababu mtu anahukumiwa bila ushahidi. Ni ya kijinga kwa sababu ugonjwa wa gari unabaki pale pale, na juma lijalo litachemka tena na dereva mwingine, naye atakatwa vile vile.

Twajua tunalolisema, maana kazi yetu tangu zamani ni maji na moto. Zile injini kubwa za Garratt za daraja la 59 zilikuwa 34, zilijengwa mwaka 1955 na 1956, zikapewa majina ya milima ya Afrika ya Mashariki, na zilivuta mizigo kutoka Mombasa hata Nairobi. Moja, Mount Gelai, ingali imesimama katika makumbusho ya reli hapa mjini, nendeni mkaitazame. Injini ya mvuke ilikuwa na siku yake ya kusimamishwa, ikapozwa, na tumbo lake likaoshwa ili ukoko utoke, kwa sababu kila mtu alijua ya kuwa maji huacha ukoko ndani ya chuma kama yanavyouacha ndani ya birika. Je, lori la Isuzu au Peugeot ya zamani halina tumbo? Linalo. Tofauti ni kwamba hakuna anayelipangia siku ya kuoshwa.

Basi, ndugu, hatutaki kupiga kelele tu. Mfanyakazi asiyejua kazi ya chombo chake hawezi kujitetea. Tunaandika hapa namna ya kutafuta ugonjwa kwa utaratibu, ili kila dereva na kila utingo aweze kusema mbele ya mwenye gari: kwanza tupime.

Jambo la kwanza ni kujua gari linachemka WAKATI GANI. Hilo peke yake ni nusu ya jibu. Gari likichemka katika foleni, lakini likipata nafasi ya kukimbia joto linashuka, basi tazameni upande wa upepo: feni, mkanda wa feni uliolegea, au rejeta iliyozibwa kwa nje na vumbi, wadudu na nyasi. Likikaa sawa katika foleni lakini likachemka likiwa na mzigo katika mlima wa Mai Mahiu, tazameni upande wa maji: rejeta iliyoziba kwa ndani, pampu ya maji ambayo mabawa yake yameliwa na kutu, au ule mpira wa maji wa chini ambao ukizeeka hunyonywa na kujibana injini ikienda kasi. Likichemka mara tu baada ya kuwashwa, shukuni themostati iliyokwama au gasketi ya hedi iliyoungua.

Jambo la pili ni kifuniko cha rejeta. Wengi hukidharau kwa kuwa ni kidogo na bei yake ni ndogo. Lakini sikilizeni. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya bahari, na hapa maji yaliyo wazi huchemka yakifika digrii 94 au 95, si 100 kama kule Mombasa. Themostati za magari mengi hufunguka kati ya digrii 82 na 88. Kwa hiyo nafasi iliyobaki ni nyembamba sana. Kinachotuokoa ni kifuniko, maana kina springi na mpira unaozuia mvuke, na kile kilichoandikwa 0.9 kikiwa kizima huyafanya maji ya hapa Nairobi yasichemke mpaka yafike kama digrii 115. Mpira ukipasuka au springi ikichoka, faida hiyo yote imepotea. Je, dereva ndiye aliyeuchosha mpira ule kwa makusudi?

Na hapa tunatoa onyo. Kifuniko kisifunguliwe kamwe injini ikiwa na moto, hata kwa kitambaa, hata kama abiria wanapiga kelele. Maji yaliyofungiwa hivyo huruka mara tu yakipata nafasi, na uso wa kijana hauna speapati Kirinyaga Road. Wala msimwage maji baridi katika injini iliyoungua, kwa maana chuma hupasuka. Ngojeni ipoe.

Jambo la tatu ni kutafuta pale maji yanapotokea. Angalieni viungo vya mipira, chini ya pampu ya maji penye kitundu chake kidogo, na kandokando ya rejeta. Maji yaliyokauka huacha alama ya kutu au ya ungaunga. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na katika injini ukuta huo ni hedi iliyopinda.

Jambo la nne ni rejeta yenyewe. Washeni injini hata ipate moto, kisha izimeni, mwondoe mkono mbali na feni kwa maana ile ya umeme huweza kujiwasha yenyewe. Ndipo mpitishe kiganja karibu na uso wa rejeta. Pahali penye baridi katikati ya joto ni pahali palipoziba. Ukoko huo hauji kwa siku moja. Huja kwa miaka ya kutia maji ya kisima yenye chumvi kwa sababu ya mwenye gari kukataa kununua dawa ya rejeta. Husema, "Dawa ile ni ya Ulaya, ya kuzuia barafu, na Nairobi hakuna barafu." Ni kweli hapa maji hayagandi katika rejeta. Lakini dawa ile huzuia kutu pia, na huongeza kiwango cha joto ambacho maji yatachemkia. Bwana huyo ameokoa shilingi za dawa, kisha anazitafuta katika mfuko wa dereva.

Jambo la tano ni gasketi ya hedi. Kama maji yanapungua kila siku na hakuna pahali yanapovuja, fungueni rejeta asubuhi injini ikiwa baridi kabisa, mwiwashe, mtazame. Mapovu yakipanda bila kukoma, moshi wa silinda unaingia katika maji. Tazameni pia kijiti cha kupimia oili: oili ikiwa nyeupe kama chai ya maziwa, maji yamechanganyika nayo. Injini ya namna hii haifai kutumwa safari, na anayeituma akijua hivyo ndiye mwenye kosa.

Sasa tufike kwenye themostati, maana hapo pana ugomvi mkubwa. Ukienda kwa mafundi wengi wa jua kali, gari likichemka dawa ya kwanza ni kung'oa themostati na kuitupa. Husema, "Nchi hii ni ya joto, haina kazi." Hatuwadharau mafundi wetu, wengi wao ni hodari kuliko wenye vyeti, lakini katika jambo hili tunapingana nao wazi. Injini isiyokuwa na themostati hukaa baridi asubuhi nzima, hula mafuta mengi, na silinda zake huchakaa upesi. Tena kuna injini ambazo themostati yake ina kazi mbili: ikifungua njia ya kwenda kwenye rejeta, hufunga ile njia ya mkato. Ukiing'oa, njia ya mkato inabaki wazi, na maji ya moto yanazunguka ndani ya injini bila kupita yote katika rejeta. Yaani umeondoa kitu ili gari lipoe, nawe umelizidishia moto! Kuipima ni rahisi. Ining'inizeni kwa uzi ndani ya sufuria ya maji jikoni pamoja na kipimajoto, mtazame inaanza kufunguka kwa digrii ngapi. Ikifunguka karibu na nambari iliyoandikwa juu yake, ni nzima. Isipofunguka, nunueni nyingine. Lakini kuitupa bila kuipima ni sawa na kumfukuza dereva bila kumsikiliza.

Kisha ile hoja ya geji, ambayo wenye magari huitumia kama rungu. "Ulikuwa huoni mshale?" Ndugu, geji haipimi chuma, hupima kile kinachogusa kidude chake, na kidude kile kimewekwa kiguswe na maji. Maji yakimwagika ghafula, kwa mfano mpira ukipasuka, kidude kinabaki hewani, na mshale waweza kushuka kana kwamba injini imepoa, hali ndani inaungua. Dereva anatazama mshale uko chini, anashukuru Mungu, anaendelea. Hilo si uzembe. Ni chombo kilichomdanganya, na mwenye gari apaswa kujua hivyo kabla ya kunyosha kidole.

Hatusemi kwamba dereva hawezi kukosa. Mtu anayeona mshale umepanda hata mwisho, anaona mvuke, naye anakaza mguu ili awahi safari ya pili, huyo ameharibu mali, na sisi hatutamfunika. Lakini tuulize pia ni nani aliyempangia hesabu ya siku ambayo haina nafasi ya kusimama dakika 30 injini ipoe.

Na sheria inasemaje? Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 19, inamruhusu mwajiri kukata kiasi cha kadiri kwa mali iliyoharibika kwa kosa la MAKUSUDI la mfanyakazi. Someni neno hilo mara mbili. Ukoko wa miaka kumi si kosa la makusudi la mtu aliyeshika usukani jana. Kifungu cha 41 kinasema kwamba kabla ya kumfukuza mtu kwa kosa, mwajiri lazima amweleze sababu kwa lugha anayoifahamu, naye ana haki ya kuwa na mfanyakazi mwenzake au mjumbe wa chama wakati wa kusikilizwa.

Kwa hiyo tunadai mambo matatu, nayo si makubwa:

1. Kila gari liwe na kitabu chake, kama ilivyo katika kazi ya reli. Dereva aandike asubuhi kiasi cha maji na kasoro aliyoiona, na mwenye gari au msimamizi atie sahihi kwamba amesoma.

2. Gari likichemka lipimwe kwa utaratibu, dereva na mjumbe wa wafanyakazi wakiwapo, na lililoonekana liandikwe.

3. Mshahara usikatwe hata senti moja kabla ya kipimo hicho.

Madereva, msingoje kitabu kiletwe. Nunueni daftari la shule, andikeni wenyewe tarehe, namba ya gari, na neno mliloliripoti. Siku ya kuhukumiwa, daftari lile litasema kwa sauti kubwa kuliko mashahidi kumi. Na ninyi wajumbe, msikubali kutia sahihi karatasi ya kumkata mtu mpaka mwonyeshwe themostati, kifuniko na rejeta.

Gari la zamani halisemi uongo likiulizwa vizuri. Wanaoogopa liulizwe ni wale wanaojua jibu.

UMOJA NI NGUVU.

Sisi wafanyakazi wenzenu wa reli,
Makongeni, Nairobi.