Jibu la sindano lisiwe neno la mwisho

Mtu wa Ijumbi, mkoani Kagera, akitokwa na uvimbe chini ya sikio, majirani watamwambia ni jino, au matubwitubwi. Miezi ikipita bila nafuu atakwenda hospitali ya Rubya au Ndolage, pengine apewe rufaa ya Bukoba au Bugando, Mwanza. Atachomwa sindano nyembamba, zivutwe chembe chache, zipakwe kwenye kioo. Karatasi ya majibu ikisema "hakuna saratani", atarudi shambani na uvimbe wake. Tunasema: asiachiwe haraka hivyo.

Kipimo cha sindano ni kizuri. Ni nafuu, hakihitaji usingizi wala chumba cha upasuaji. Lakini uvimbe wa tezi za mate, kama unavyoweza kuwa huo wa chini ya sikio, huwasumbua hata mabingwa. Shirika la Afya Duniani linaorodhesha aina zaidi ya 30, na nyingi zinafanana. Ile inayoongoza, pleomofiki adenoma, si saratani. Kwenye kioo kilichotiwa rangi ya Giemsa, ute wake huonekana wa zambarau, wenye nyuzinyuzi zinazoingia katikati ya seli. Saratani ya adenoidi sistiki nayo ina ute wa rangi hiyohiyo, ila umejikusanya kama vidonge vya mviringo vyenye ukingo mkali. Sampuli ikiwa hafifu, nani ataziona tofauti hizo?

Saratani nyingine, mukoepidamoidi, huweza kujaza mfuko wa majimaji. Sindano ikivuta ute mtupu, saratani inabaki ndani na jibu linatoka safi. Tena zipo saratani zinazothibitika kwa kuonekana zimevunja ukuta wa uvimbe na kupenya nje. Ukuta huo sindano haiuonyeshi.

Kwetu Kagera, ambako wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini waliripotiwa mwaka 1983, kuna sababu ya ziada ya kuwa makini. VVU huweza kuvimbisha tezi za mashavuni kwa mifuko ya maji isiyo saratani, na kifua kikuu huvimbisha mitoki jirani. Mtaalamu wa patholojia aliyeletewa kioo na jina tu la mgonjwa anafanya kazi gizani. Daktari aandike kwenye fomu: uvimbe uko wapi, una muda gani, unauma au la, mgonjwa ana maambukizi gani.

Maabara nazo zitumie Mfumo wa Milan, uliotolewa mwaka 2018, unaogawa majibu katika makundi sita. Unatenganisha wazi "sampuli haikutosha" na "si saratani". Kuyachanganya majibu hayo mawili kunaweza kugharimu maisha. Sampuli isiyotosha irudiwe, ikiwezekana kwa kuongozwa na ultrasaundi. Shaka ikibaki, kichukuliwe kipande kidogo cha nyama ya uvimbe au daktari wa upasuaji aitwe mapema, kwa kuwa mshipa wa fahamu unaoendesha uso unapita katikati ya tezi kubwa ya shavuni, na kukata kwa kubahatisha kunaweza kuupoozesha.

Tunaitaka Serikali isomeshe wataalamu zaidi wa kusoma seli na igharamie usafirishaji wa sampuli kutoka wilayani. Hilo litachukua muda. Lakini kuna agizo lisilohitaji bajeti, linaloweza kuanza leo: mgonjwa ambaye uvimbe wake unakua, unauma, au uso wake umeanza kupinda, asiruhusiwe kwenda nyumbani kwa sababu tu karatasi ya sindano imesema ni mzima.